CrAg chanya, kichwa hakiumi: tumtibu au tungoje?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya wilayani Uvinza, mkoani Kigoma. Nina mgonjwa wa CTC (kliniki ya VVU), mvuvi wa dagaa, miaka 38. Aliacha ARV zaidi ya mwaka, sasa amerudi. CD4 yake, yaani hesabu ya chembe za kinga, ni 74. Tulimpima CrAg ya damu, kipimo cha antijeni ya fangasi wa kriptokokasi, ikasoma chanya. Kichwa hakimuumi, hana homa, shingo haijakaza, anakula vizuri na anataka kurudi kambini. Nilipotaja rufaa na sindano ya mgongo ya kutoa maji ya uti, kaka yake mkubwa alikataa katakata, akasema waliochomwa mgongo anawajua na hawakurudi. Je, CrAg inaweza kudanganya? Pia nimesoma kuna vipimo vya damu vinavyoitwa beta-glukani na galaktomanani, vinavyoonyesha fangasi wote waliojificha mwilini. Kwa nini visiletwe huku tukapima mara moja tukajua?

Jibu: Marahaba, tabibu. Nianze na mgonjwa wako, kwa sababu mambo ya beta-glukani yanaweza kungoja na yeye hawezi. Mtu mwenye CD4 74 na CrAg chanya ni mgonjwa leo, hata kama jana alivuta nyavu usiku kucha. Asirudi kambini bila dawa.

Fangasi anayeitwa kriptokokasi huishi kwenye udongo, kwenye miti inayooza na kwenye kinyesi cha njiwa. Tunamvuta kwa pumzi, wengi wetu, bila kujua. Mwenye kinga nzuri humfungia kwenye mapafu na maisha yakaendelea. Kinga ikianguka, hasa CD4 ikishuka chini ya 100, fangasi huyo hutoka alikofungiwa, huingia kwenye damu na safari yake huishia kwenye ubongo. Amevaa koti nene la sukari, na koti hilo humeguka vipande vidogo vinavyoelea kwenye damu. Vipande hivyo ndivyo antijeni ambayo CrAg hukamata. Ukipita ufukweni Ujiji asubuhi ukakuta magamba mchangani, unajua samaki wameparuliwa hapo hata kama samaki mwenyewe humwoni. CrAg inafanya kazi hiyohiyo: haimwoni fangasi, inaona alichoacha.

Vipande hivi hutangulia dalili. Utafiti uliofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka 2002 ulipima damu zilizokuwa zimehifadhiwa za watu waliokuja kuugua homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi. Antijeni ilikuwa tayari ipo kwenye damu kwa wastani wa siku 22 kabla ya dalili ya kwanza, na kwa baadhi yao zaidi ya siku 100. Mgonjwa wako yuko ndani ya dirisha hilo. Kichwa chake kutouma ndiyo bahati uliyopewa ya kufanya kitu mapema. Kikianza kuuma, utakuwa unatibu ugonjwa mwingine kabisa, unaoua hata kwenye wodi nzuri. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanaonyesha kwamba homa hii ya fangasi huua watu wapatao 112,000 duniani kwa mwaka, karibu mtu mmoja katika kila watano wanaokufa kwa UKIMWI. Wengi wao wako Afrika kusini mwa Sahara.

Umeuliza kama CrAg inadanganya. Kwa nadra sana. Kipimo cha haraka cha kijiti, ambacho kimeruhusiwa Marekani tangu 2011, kina usahihi unaozidi asilimia 98 kwa pande zote mbili, kumkamata mgonjwa na kumwacha asiye mgonjwa. Hakitaki umeme wala mashine, na majibu hutoka ndani ya dakika 10. Kuna mambo machache ya kuangalia. Mstari hafifu ni mstari: ukiuona, andika chanya. Soma kwa muda uliowekwa, usikiache kijiti mezani ukaenda kunywa chai halafu ukarudi kukisoma. Kuna fangasi wengine wachache wanaoweza kuwasha mstari hafifu kwa kufanana na kriptokokasi, lakini kwa mtu mwenye CD4 74 mimi sitegemei bahati hiyo. Na kuna kosa la upande wa pili ambalo maabara nyingi hazilifikirii. Antijeni ikiwa nyingi kupita kiasi inaweza kukizidi nguvu kijiti, mstari ukatoka hafifu au usitoke kabisa. Ukiwa na mgonjwa mwenye dalili zote na CrAg ikasoma hasi, mwombe mtu wa maabara aichanganye sampuli na maji yake maalumu kisha arudie.

Kuchanganya huko ndiko kunakotupa taita, yaani namba inayoonyesha wingi wa antijeni, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Sampuli hupunguzwa nguvu hatua kwa hatua, kila mara nusu ya iliyotangulia, mpaka mstari upotee. Mstari ukipotea mapema, antijeni ni kidogo. Mstari ukiendelea kuonekana hadi 1 kwa 160 au zaidi, uwezekano kwamba fangasi ameshafika kwenye ubongo unapanda sana, hata kama mgonjwa anacheka nawe. Tafiti za Afrika Kusini ziliwachukua watu wenye CrAg chanya wasio na dalili yoyote, wakatolewa maji ya uti wa mgongo. Takriban theluthi moja walikuwa na fangasi ndani yake tayari. Ndiyo sababu neno "hana dalili" halinipi amani. Damu inatuambia fangasi ameamka. Haituambii amefika wapi, na kwa hilo hakuna kiashiria cha damu kinachoshika nafasi ya maji ya uti wa mgongo.

Sasa huyo kaka. Namwelewa. Katika wodi nyingi za mikoa yetu sindano ya mgongo huchomwa mgonjwa akiwa ameshapoteza fahamu, siku ya nne au ya tano ya kuhangaika na dawa za malaria na za taifodi. Anafariki kesho yake, na familia inarudi kijijini na picha moja tu: alichomwa, akafa. Ukimwambia "haina madhara, saini hapa" hutafika popote. Kaa naye chini, mkubali kwamba watu hao kweli walifariki, kisha mweleze ni nini kiliwaua na kwa nini mdogo wake hajafika huko. Mwonyeshe kwa kidole mgongoni kwako mwenyewe. Uti wenyewe unaishia juu, karibu na usawa wa mbavu za mwisho. Sindano inaingia chini zaidi, usawa wa kiuno, mahali penye maji na nyuzi za neva zinazosogea. Mwambie wazi kwamba kichwa kinaweza kuuma siku mbili tatu baada ya sindano, na kwamba kuna wagonjwa ambao hatuwachomi kabla ya kuchunguzwa zaidi, kama mwenye udhaifu wa upande mmoja wa mwili au anayevuja damu ovyo. Ukimweleza na madhara, atakuamini unapoeleza faida.

Na faida si ya uchunguzi peke yake. Fangasi huyu huziba njia ambazo maji ya ubongo hutokea, mgandamizo unapanda, na mgandamizo ndio unaopofusha na kuua. Kwa mwenye homa hiyo, kutoa maji ni tiba. Wapo wagonjwa niliowaona wakiomba wenyewe sindano ya pili kwa sababu ya nafuu waliyoipata kwa ile ya kwanza.

Maji yakitoka safi, bila antijeni, mgonjwa wako anatumia flukonazoli ya vidonge, dawa ya fangasi: mg 800 hadi 1,200 kila siku kwa wiki 2, kisha dozi ya chini yake kwa wiki 8, halafu mg 200 kila siku. Hiyo ya mwisho haikatwi mpaka atimize angalau mwaka mmoja na CD4 ivuke 200, au ivuke 100 huku virusi vikiwa vimefubazwa. Maji yakiwa na fangasi, hiyo ni kazi ya hospitali. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2022, lililofanywa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, lilionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya mafuta, mg 10 kwa kila kilo ya mwili, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, inafanya kazi sawa na utaratibu wa zamani wa dripu ya kila siku kwa wiki nzima, na madhara yake kwa figo na damu ni machache kuliko ya utaratibu huo. WHO ikaipitisha dozi hiyo moja mwaka huohuo. Zamani ilibidi tumlaze mtu tukipima potasiamu na figo karibu kila siku. Kwa hospitali za mikoa ya pembeni badiliko hili ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye karatasi.

Kama kaka atashikilia msimamo wake hata baada ya mazungumzo hayo, usimwache mgonjwa mikono mitupu. Anza flukonazoli siku hiyohiyo, omba taita, na taita ikiwa 160 au zaidi rudi kwa familia na habari mpya: sasa damu yenyewe inasema hatari ni kubwa. Mimi mtu huyo ningemhesabu kama mwenye homa ya uti wa mgongo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ningempeleka hospitali alazwe, sindano ikubaliwe au isikubaliwe.

Kuhusu ARV, najua mkono unakuwasha kumrudishia leo. Subiri. Jaribio moja la Uganda na Afrika Kusini, lililochapishwa mwaka 2014, liliwagawa wagonjwa wa homa ya kriptokokasi makundi mawili: walioanzishiwa ARV ndani ya wiki 2 na waliosubirishwa takriban wiki 5. Baada ya wiki 26, waliofariki katika kundi la haraka walikuwa asilimia 45, katika kundi la kusubiri asilimia 30. Kinga iliyorudi kwa kishindo ilikuta ubongo umejaa fangasi, ikawasha moto. Kwa hiyo mwenye fangasi kwenye maji ya uti wa mgongo husubiri wiki 4 hadi 6. Mwenye maji safi husubiri muda mfupi zaidi. Wengi wetu humpa flukonazoli kama wiki 2 kwanza. Mweleze mgonjwa kwamba hujamnyima, umepanga tu zamu. Septrini iendelee. Na kwa kuwa CD4 iko chini ya 200, mpime na TB kwa mkojo, TB-LAM, pamoja na makohozi. Akikutwa nayo, kumbuka rifampisini huipunguza flukonazoli kwenye damu, kwa hiyo usimpe dozi ya chini.

Kuna kosa moja ninalokutana nalo mara kwa mara kwenye karatasi za rufaa: mgonjwa ametibiwa miezi sita, yuko vizuri, mtu anarudia CrAg ya damu, inasoma chanya, na matibabu yote yanaanza upya. Antijeni hii inaweza kubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya fangasi kufa. CrAg ni ya kugundua. Maendeleo ya mgonjwa yafuatilie kwa dalili na, akiwa na homa ya uti wa mgongo, kwa kuotesha maji yake maabara.

Nije sasa kwenye ndoto yako ya kipimo kimoja cha fangasi wote. Naielewa kabisa, ila hakipo. Beta-D-glukani ni kipande cha ukuta wa fangasi wengi: kandida, aspajilasi, na yule pneumosisti anayeleta kichomi kikali kwa wenye VVU. Kipimo chake kilichozoeleka hutumia kemikali inayotokana na damu ya kiumbe wa baharini anayefanana na kaa, ambayo huganda ikigusana na glukani, na kikomo chake ni pikogramu 80 kwa mililita. Lakini kriptokokasi, adui yako mkubwa hapo Uvinza, hutoa glukani kidogo mno, na kipimo mara nyingi hakimwoni. Fangasi wa mukomaisosi, wale wanaokula pua na jicho la mgonjwa wa kisukari kama walivyofanya kwa maelfu India mwaka 2021, hawaonekani kabisa. Mgonjwa wako angeweza kupimwa beta-glukani ikasoma hasi, mkafurahi wote, akarudi ziwani na kriptokokasi yake.

Upande wa pili, beta-glukani hupanda kwa sababu zisizo na fangasi hata mmoja: mashine ya kusafisha figo yenye chujio la selulosi, albumini na bidhaa nyingine za damu, pamba na bandeji za upasuaji, baadhi ya bakteria kwenye damu. Hata mirija ya kukusanyia sampuli lazima iwe haina glukani. Fikiria umepima watu 1,000 wenye homa, na kati yao 20 ndio wenye fangasi kweli. Kipimo kikiwa sahihi kwa asilimia 90 pande zote, kitawakamata 18 kati ya hao 20. Sawa. Ila kati ya 980 waliobaki kitawashika 98 bila kosa lao. Una majibu chanya 116 mkononi, na 18 tu ndio wagonjwa. Wengine wote utawapa dawa kali za bure. Ndiyo maana vipimo hivi huletwa kwa watu waliochaguliwa, ambao uwezekano wa fangasi kwao uko juu tangu mwanzo, na nguvu yake kubwa ni pale vinaposoma hasi: beta-glukani ikiwa chini kwa mtu mwenye VVU na kichomi, pneumosisti inakuwa mbali sana.

Galaktomanani ni ya aspajilasi, na mahali pake ni kwa mgonjwa wa saratani ya damu ambaye dawa zimefuta neutrofili zake (chembe nyeupe za damu zinazopambana na fangasi), au aliyepandikizwa uboho. Huko hupimwa hata mara mbili kwa wiki, na inapopanda kabla ya kivuli kuonekana kwenye mapafu, inaokoa siku za thamani. Kikomo cha kiwanda ni 0.5, ila wataalamu wanaoweka vigezo vya kimataifa, katika toleo la 2020, wanataka 1.0 kwa kipimo kimoja cha damu ndipo kiwe ushahidi. Kwa mtu mwenye neutrofili za kawaida hukosa wengi, kwa sababu chembe hizo hufagia antijeni kabla haijafika kwenye bomba lako. Akiwa tayari anatumia dawa ya kuzuia fangasi wa aina hiyo, hukosa zaidi. Na histoplazima, fangasi mwingine, huweza kuiwasha.

Histoplazima nampa mistari kidogo, kwa sababu anatupita chini ya pua. Anaishi kwenye kinyesi cha popo na ndege, analeta homa ndefu, kukonda, kikohozi, vidonda, damu kupungua, na picha ya mapafu inayofanana na TB kiasi kwamba mtu hutumia dawa za TB hadi mwisho bila nafuu. Kaskazini mwa Tanzania amekwisha kuonekana kwa wagonjwa waliolazwa na homa. Kwa mwenye VVU kiashiria chake kizuri kipo, antijeni, na mkojo huionyesha vizuri zaidi kuliko damu. Kama ningeulizwa kipimo gani kipya kifike Kigoma kwanza, ningekitaja hiki mbele ya beta-glukani na galaktomanani zote mbili.

Kandida wa kwenye damu humpata zaidi aliyelazwa chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na mipira ya mishipa, au mtoto njiti. Kuotesha damu hukosa karibu nusu yao. Kwako kituoni si tatizo la kila wiki.

Kuna na jambo la kawaida kabisa, la bajeti. Sahani moja ya kipimo cha beta-glukani imetengenezwa kupima sampuli nyingi kwa mkupuo. Ukiwa na wagonjwa wawili kwa mwezi, ama unaifungua sahani nzima kwa ajili yao na kutupa fedha, ama unawasubirisha mpaka wajazane, na majibu yanafika mgonjwa ameshapona au ameshazikwa. CrAg unaifungua kijiti kimoja kwa mtu mmoja. Mkiwa kwenye kikao cha mipango ya wilaya na mtu akaja na hoja ya vipimo vya kisasa, pigania kwanza vijiti vya CrAg visikatike hata mwezi mmoja, CD4 ipimike ndani ya wilaya, na flukonazoli na flusitosini ziwepo. Jaribio lililofanywa Dar es Salaam na Lusaka, likachapishwa mwaka 2015, liliunganisha CrAg kwa wote wenye CD4 chini ya 200 na watu wa jamii waliowatembelea wagonjwa nyumbani wiki za mwanzo. Vifo vilipungua kwa asilimia 28. Naamini hao watembeleaji walichangia sana, kwa sababu kijiti hakimfuati mtu aliyehama kambi.

Ndiyo maana, kwa mvuvi wako, panga tarehe zake kwa mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali. Mpe miadi siku hizo na atakuja. Chukua namba ya kaka, na ya mwenye mtumbwi kama mgonjwa ameridhia. Mwambie dalili za kumrudisha mbio bila kungoja miadi: kichwa kisichotulia kwa dawa, kutapika, kuona vitu viwili viwili, kuchanganyikiwa.

Unapoandika rufaa, weka CD4 na tarehe yake, CrAg na taita kama ipo, lini aliacha ARV na kama ameanza tena au bado, dozi ya flukonazoli uliyompa na saa uliyompa ya kwanza, TB-LAM, na kama ana kisukari au anatumia dawa nyingine. Plazma iliyobaki usiimwage. Iweke kwenye kichupa chenye jina na tarehe isafiri naye kwenye baridi, ili kama kwenu hamna vifaa vya taita, wampimie huko bila kumtoa damu upya.